Tirumala: Hekalu Lililojengwa kwa Mikataba



Hekalu la Venkateswara huko Tirumala, kusini mwa India, ni nadra kutajwa bila utajiri wake kutajwa pia. Dhahabu iliyohifadhiwa humo, fedha zinazotumbukizwa katika sanduku lake la sadaka na makumi ya maelfu ya mahujaji wanaolifikia kila siku ni habari za kawaida katika magazeti ya nchi hiyo. Liko mita zipatazo 850 juu ya usawa wa bahari, katika milima ya Seshachalam, jimbo la Andhra Pradesh, na chini yake umetandaa mji wa Tirupati. Waumini huhesabu vilele saba na kuviita vichwa vya Adisesha, nyoka ambaye Vishnu, mungu anayeabudiwa hapa kwa jina la Venkateswara, hulala juu yake. Anayepanda akiwa na sifa hizo masikioni hutarajia kukuta jengo la kutisha kwa ukubwa. Halipo. Mnara wa lango kuu una ghorofa tano tu, ilhali lango la kusini la hekalu la Srirangam lina 13. Nyumba yenyewe ya mungu, ile yenye paa la dhahabu, ni ndogo mno ukiilinganisha na hekalu la Thanjavur, ambalo mnara wake unapita mita 60 na ulikamilishwa mwaka 1010 kwa amri ya mfalme mmoja, Rajaraja wa Wachola. Nitakayoitetea leo ni hoja kwamba udogo huo unatueleza jinsi hekalu lilivyojengwa. Tirumala haikusimamishwa na mfalme fulani kwa ramani moja. Ilijengwa na mikataba: ahadi za maandishi kati ya watoaji na wasimamizi wa hekalu, zilizorundikana karne baada ya karne, na sehemu kubwa ya majengo yanayokizunguka chumba cha ndani ilitokana na haja ya kutimiza ahadi hizo.

Kwanza niondoe picha moja inayoweza kutupotosha. Mahekalu ya Kihindu tunayoyaona Mombasa, Dar es Salaam au Kampala yamejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliotoka Gujarati na pande za kaskazini, na mengi yanafuata mtindo wa huko: minara iliyopinda kwa wororo kuelekea angani, na mrefu kuliko yote ukiwa juu ya kichwa cha mungu. Kusini mambo ni mengine. Juu ya chumba cha mungu huwekwa vimana, yaani paa la ngazi ngazi linalopungua kadiri linavyopanda. Mbele yake hutangulia kumbi za nguzo, nazo huitwa mandapa. Kisha hufuata ua, ukuta, ua tena na ukuta tena, na katika kila ukuta hukaa lango lenye mnara, gopuram. Kuanzia karne ya 12 hivi wajenzi wa kusini walizidi kuutia ukubwa katika malango badala ya nyumba ya mungu, hata ikawa kawaida mgeni aanze na kilicho kikubwa na kuishia na kilicho kidogo, gizani, penye taa za mafuta. Tirumala inafuata utaratibu huo, ila malango yake nayo yalibaki mafupi. Ina njia tatu za kulizunguka hekalu, moja ndani ya nyingine, na ile ya ndani kabisa hufunguliwa siku chache tu katika mwaka.

Ushahidi wangu mkuu umechongwa kutani. Maandishi zaidi ya 1,000 yamepatikana katika mahekalu ya Tirumala na Tirupati, na utawala wa hekalu ulianza kuyachapisha katika miaka ya 1930. Mengi ni ya Kitamil. Ya Kitelugu na Kikannada ni machache, ingawa leo eneo hilo ni la wasemaji wa Kitelugu. Anayeyafungua akitarajia sala na sifa za mungu atachoka upesi. Yanazungumzia mchele, samli, dengu, sukari, pilipili manga, tambuu na mafuta ya taa: vipimo gani, siku gani, kwa ajili ya sherehe ipi, na nani apewe fungu lipi baada ya ibada. Jambo la kutazamwa kwa makini zaidi ni mzungumzaji. Katika maandishi mengi ya zama za dola ya Vijayanagara, mtoaji hasemi “nimetoa”. Wanaosema ni wasimamizi wa hekalu, waliojulikana kama sthanattar: wanakiri kupokea fedha au kijiji kutoka kwa mtu fulani, wanajifunga kutekeleza ibada fulani kwa niaba yake daima, na mwishoni mhasibu wa hekalu anataja kwamba mwandiko ni wake. Kwa hiyo jiwe lenyewe ni hati ya deni, na mdaiwa ni hekalu. Wasomaji wa pwani yetu wanaoujua wakfu wataielewa hali hii haraka, lakini wazingatie tofauti: hapa hati imewekwa hadharani, kwenye ukuta ule ule ambao mahujaji wanaupita.

Hati maarufu kuliko zote ni ya mwanamke. Samavai, malkia wa ukoo wa Wapallava, alitoa sanamu ya fedha ya mungu wa Tirumala, vito vya kuipamba, na mashamba ambayo mapato yake yangegharimia ibada na sherehe zake. Mwaka unaotajwa sana ni 966, ingawa wapo watafiti walioirudisha hati hiyo nyuma karne kadhaa. Mabishano hayo yenyewe yana mafunzo. Kwa kawaida umbo la herufi husaidia kukadiria umri wa maandishi, lakini hapa msaada huo ni hafifu, kwa sababu katika karne ya 13, chini ya watawala wadogo wa ukoo wa Yadavaraya, hekalu lilikarabatiwa na hati za zamani zikachongwa upya kwenye mawe mapya. Tutafakari maana yake. Wajenzi wale hawakuona tatizo kuutoa ukuta wa mababu, jambo ambalo mhifadhi wa majengo wa leo angelililia. Walichokiona hakivumiliki ni kupotea kwa ahadi. Ukuta ulikuwa na mbadala. Mkataba wa malkia aliyekwisha kufa zamani haukuwa nao. Sijui ushahidi mwingine unaoonyesha wazi kuliko huo ni kitu gani watu wa Tirumala walikiona kuwa ndicho hekalu.

Sanamu ya Samavai inatufungulia pia mlango wa kuzielewa kumbi. Mungu mkuu wa Tirumala ni sanamu ya jiwe iliyosimama, isiyoondoka mahali pake. Haiogeshwi kila siku mbele ya umati wala haipelekwi barabarani. Kazi hizo hufanywa na sanamu ndogo za madini: ile ya fedha ya Samavai huogeshwa na kulazwa kitandani usiku, na nyingine, iitwayo Malayappa, hutoka katika maandamano; huyu anatajwa katika maandishi ya mwaka 1339. Sasa mtoaji anapotoa kijiji ili mungu aandamane siku tano zaidi, anahitaji mahali ambapo mungu ataketi, atapepewa, ataimbiwa na kulishwa kwa jina la mtoaji huyo. Hapo ndipo mandapa zinapozaliwa. Ukumbi uliopo mbele ya mlango wa dhahabu ulijengwa mwaka 1417 na Mallana, waziri kutoka Chandragiri. Ukumbi wa nguzo 1,000, nje ya lango kuu, ulijengwa mwaka 1464 na mkuu wa ukoo wa Saluva. Mabaraza madogo ya nguzo nne nne yakaota ndani ya nyua na kando ya barabara za maandamano. Hekalu likapanuka kuelekea nje kwa sababu kalenda yake ilijaa, na kalenda ilijaa kwa sababu watoaji walikuwa wakinunua siku.

Fedha hizo zilikwenda wapi? Mwanahistoria Mmarekani Burton Stein alilijibu swali hili mwaka 1960 katika makala ambayo bado haijazeeka. Alionyesha, kwa kutumia maandishi hayo hayo, kwamba fedha taslimu zilizotolewa Tirumala hazikufungiwa sandukuni. Mkataba ulieleza kwamba zitumike kuchimba au kukarabati malambo na mifereji katika vijiji vya hekalu. Nchi ile tambarare iliyo chini ya milima hutegemea mvua za misimu, na shamba lenye lambo huvuna mpunga ambao shamba lisilo nalo haliwezi kuuotesha. Ziada ya mavuno iliyotokana na maji hayo ndiyo iliyogharimia sadaka ya chakula aliyoahidiwa mtoaji. Chakula kikishawekwa mbele ya mungu kiligawanywa, na robo moja kwa desturi ilikuwa haki ya mtoaji. Yeye aliweza kuila, kuwagawia mahujaji maskini katika nyumba za kulishia, kumwachia mwalimu wake wa dini, au kuiuza kwa wafanyabiashara waliowauzia mahujaji. Hivyo fedha ya tajiri iligeuka maji, maji yakageuka mpunga, mpunga ukageuka baraka, na baraka ikarudi kuwa mali, huku mkulima aliye mbali na mlima akibaki na lambo. Huu ndio mtambo uliokuwa ukifanya kazi nyuma ya zile nguzo. Jiko, ghala na ofisi ya wahasibu ni sehemu za usanifu wa Tirumala kwa haki ile ile ya vimana ya dhahabu, japo vitabu vya picha huziruka.

Pingamizi zito kuliko yote hutoka kwa wanaosema kwamba ninawasahau wafalme. Krishnadevaraya wa Vijayanagara, aliyetawala kuanzia 1509 hadi 1529, alifika Tirumala mara saba kwa mujibu wa maandishi, mara ya kwanza mwaka 1513. Alitoa taji la vito, akatoa vijiji, akarudi kushukuru baada ya kuiteka ngome ya Udayagiri kutoka kwa mfalme wa Odisha, na mwaka 1518 akaifunika vimana kwa dhahabu, kazi iliyogharimu sarafu za dhahabu 30,000. Sanamu zake za madini, akiwa na wake zake wawili, viganja vyao vimekutanishwa kwa heshima, zipo hadi leo karibu na lango. Mrithi wake Achyutadevaraya alipitia Tirumala kuvishwa taji. Je, huu si ujenzi wa kifalme? Nakubali kwamba bila nguvu ya Vijayanagara hekalu lisingefikia ukubwa wa mali lilioufikia, na kwamba mfalme alifuata mlimani jambo lisilouzwa sokoni, yaani kuonekana mbele ya watu wa lugha tatu kuwa ni mtumishi wa mungu wao. Lakini tazama alichokifanya na alichokiacha. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kusimamisha mnara wa kushindana na Thanjavur aliivika dhahabu nyumba aliyoikuta, na hakuiongezea kimo. Matoleo yake yakaandikwa kutani kando ya yale ya mawaziri, walimu wa dini na wafanyabiashara, na hata ya wanawake watumishi wa hekalu. Kwa Thanjavur, ambako nako kuta zimejaa maandishi, mambo ni kinyume: humo mfalme anaagiza, anapanga hata nyumba za wachezaji wanawake wapatao 400 aliowahamishia hapo, na sehemu kubwa ya kazi inafanyika katika utawala wake. Hekalu la namna hiyo humtegemea mwenyewe, na enzi ya ukoo wake ikishapita haliongezeki sana. Tirumala iliona Wapallava, Wachola, Wayadavaraya na Vijayanagara wakija na kuondoka, na baada ya jeshi la Vijayanagara kuvunjwa mwaka 1565 ibada iliendelea.

Wengine watasema mlima ndio uliowazuia wajenzi. Barabara ya magari ilifunguliwa mwaka 1944 tu. Kabla ya hapo kila kitu kilipanda kwa miguu ya watu, kwa njia ambayo kutoka Alipiri leo ina ngazi 3,550. Pingamizi hili lina ukweli wake, na pengine ndilo linaloeleza kwa nini lango refu la hekalu la Govindaraja lilijengwa chini, mjini Tirupati, na mtawala mdogo wa karne ya 17 aliyetaka jina. Hata hivyo mlima hauelezi uchaguzi uliofanywa juu kileleni. Jiwe lilipandishwa, na lilipandishwa kwa wingi. Nguzo za ukumbi wa 1464 hazikufika zenyewe. Swali ni kwa nini waliopandisha jiwe walilipeleka kwenye kumbi na si juu ya kichwa cha mungu, na jibu lake halimo katika mteremko. Tena mlima ulisaidia. Jeshi la Delhi lilipolivamia eneo la Srirangam mwaka 1323, sanamu ya maandamano ya Ranganatha, mungu wa huko, ilitoroshwa, ikaishia Tirumala, na ikakaa huko kwa miaka mingi hadi mwaka 1371, ilipochukuliwa na jemadari Gopanna kurudishwa kwake. Ukumbi unaohusishwa na hifadhi hiyo bado upo. Pahali penye sifa ya kulinda amana ya wengine ni pahali ambapo mtu hukubali kuweka yake.

Pingamizi la waumini ni la aina nyingine, na halistahili kupuuzwa kwa dharau ya kisomi. Wanasema: mnahesabu samli na kusahau mapenzi. Watu walipenda mlima huu kabla ya mhasibu yeyote kuzaliwa. Ni kweli. Mlima huu, kwa jina la Vengadam, unatajwa katika fasihi ya kale ya Kitamil, katika utenzi wa Silappatikaram, na washairi wacha Mungu waitwao Alvar waliutungia nyimbo kabla ya hati za Wachola. Lakini wanachokisifu washairi hao ni mlima, mawingu, misitu, ndovu na mungu aliyesimama juu yake. Usanifu wa jengo hauwashughulishi. Mapenzi yalitangulia jengo, na kwa hiyo hayawezi peke yake kueleza kwa nini jengo lilichukua umbo lililo nalo. Wala siuweki mkataba mahali pa mapenzi. Anayeahidi kumlisha mungu kila siku hata baada ya kifo chake ameyapa mapenzi yake njia ya kudumu. Hati ni chombo alichokiamini kuliko kumbukumbu ya watoto wake. Tallapaka Annamacharya, mtunzi wa nyimbo wa karne ya 15, anafaa kutajwa hapa. Maelfu ya nyimbo zake kwa mungu huyu yalichongwa kwenye mabamba ya shaba na kuwekwa katika chumba kidogo ndani ya hekalu, yakasahauliwa humo hadi karne ya 20. Hata wimbo, kilele cha mapenzi, uliwekwa amana kwa njia ile ile ya hati.

Kwa wanaosema umbo la hekalu liliamriwa na vitabu vya ibada vya Vaikhanasa, vinavyofuatwa Tirumala na vinavyopanga vipimo, mielekeo na namna ya sanamu, nitajibu kwa ufupi. Vitabu hivyo vinaeleza jinsi ukumbi unavyopaswa kuwa ukijengwa. Havisemi ni lini ujengwe, na nani, wala kwa mapato ya kijiji gani.

Pingamizi ninalolikubali zaidi ni la wanaouliza: na wasioandikwa? Kuta zinahifadhi sauti ya mwenye kutoa kijiji au mfuko wa sarafu. Mkulima aliyechimba lambo, mpishi, mbeba maji aliyepanda ngazi kila alfajiri, hujaji aliyenyoa nywele zake kwa sababu hakuwa na kingine cha kutoa, hawakuchongewa hati. Na mikataba hiyo hiyo iliyolilisha hekalu ililifanya windo. Katikati ya karne ya 18 Nawabu wa Arcot aliyatumia mapato ya Tirupati kulipia madeni yake ya vita kwa Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India, na mwaka 1801 Kampuni ikalichukua hekalu lenyewe pamoja na Arcot. Maafisa wake wakauliza maswali ya kihasibu, na mwaka 1821 wakaweka kanuni zinazojulikana kwa jina la Bruce, zilizoandika nani ana haki gani katika ibada ipi. Haikuwa heshima, walitaka mapato yasikatike. Lakini waligundua kwamba mapato hayakusanyiki bila kuzitimiza ahadi za zamani. Mwaka 1843, kwa shinikizo la Wakristo wa Uingereza waliochukizwa na serikali yao kusimamia ibada ya sanamu, hekalu lilikabidhiwa kwa wakuu wa nyumba ya watawa ya Hathiramji, na sheria ya mwaka 1932 ikalileta chini ya bodi inayoliendesha hadi sasa. Kwa hiyo ninaposema hekalu lilijengwa kwa mikataba sisemi lilijengwa kwa haki. Mkataba huwatambua waliotia mkono, na historia ya Tirumala inabaki na deni kwa wengine.

Limebaki swali moja, na linaikabili hoja yangu uso kwa uso. Mwaka 2003 ule ukumbi wa nguzo 1,000 wa mwaka 1464 ulibomolewa ili kupata nafasi mbele ya hekalu kwa ajili ya umati. Wahifadhi na waumini walilalamika, na ugomvi ukafika mahakamani. Je, mtu anayeshikilia kwamba mkataba ndio hekalu, na ukuta ni karatasi yake tu, hapaswi kuukubali ubomoaji huo bila kinyongo, kama watu wa karne ya 13 walivyokarabati wakanakili? Naona hapana. Watu wa karne ya 13 waliondoa jiwe na kurudisha jiwe mahali pale pale, likiwa na maneno yale yale, ili mungu aendelee kulishwa kama ilivyoahidiwa. Hati ya sherehe hutaja mahali: mungu ataletwa ukumbi fulani, ataketishwa, atapewa kadhaa wa kadhaa, kisha chakula kitagawanywa hapo. Uwanja uliotanuliwa unaweza kubeba mahujaji wengi zaidi, na pengine ulihitajika, lakini hauna mahali pa kumketisha mungu aliyeahidiwa kuketishwa ukumbini. Aliyeubomoa ukumbi alivunja mawe, na pamoja na mawe akaondoa kituo kimoja cha ahadi ya zaidi ya miaka 500, bila wa upande wa pili kuwapo kuulizwa.